Georgia au Ohio State: nani alibeba ratiba nzito zaidi msimu wa 2024? Tuweke hesabu mezani

Mnyalu wa Marietta

Wakuu habari za wikiendi. Nimeamua kufungua uzi maana kule kwenye grupu la wasapu tunabishana mpaka usiku, meseji zinapotea na kesho yake mtu anarudia kitu kile kile tulichokimaliza jana. Ndugu zetu wa Columbus, mashabiki wa Ohio State, kila wakisikia neno ratiba wanajibu sisi ndo mabingwa. Sawa, ubingwa wenu hakuna anayeukataa, mlimfunga Notre Dame 34-23 hapa Atlanta tarehe 20 Januari 2025 na mimi niliangalia mpaka dakika ya mwisho. Ila kuwa bingwa ni kitu kimoja na kupangiwa njia ngumu ni kitu kingine, na mimi nasema kwa moyo wangu wote kwamba kwenye zile mechi 12 za msimu wa kawaida Georgia walipangiwa njia ngumu kuliko Ohio State.

Kwa ambao hawafuatilii futiboli ya vyuo huku Marekani niseme kidogo ili twende pamoja. Ligi kuu ya bongo ina timu 16, kila mmoja anakutana na kila mmoja nyumbani na ugenini, mechi 30, mwisho wa msimu hakuna wa kulia kwamba fulani alibebwa na ratiba. Huku daraja la juu mwaka 2024 lilikua na timu 134 na kila timu inacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi, yaani yale makundi ya vyuo yanayocheza kama ligi ndogo, kwaiyo timu nyingi hazikutani kabisa. Unaweza kukuta wawili wote wameshinda 10 wamefungwa 2, mmoja kapita kwenye miiba mwenzake kapita kwenye lami, alafu inakaa kamati ya watu 13 inaamua nani aingie kwenye mtoano wa timu 12 na ashike nafasi ya ngapi. Ndo maana ratiba huku watu wanagombana nayo mpaka wananuniana.

Sasa iangalie ya Georgia. Wanafungua msimu na Clemson, ambaye mwishoni alikuja kuwa bingwa wa konferensi ya ACC. Wanaenda kwa Alabama. Wanaenda Austin kwa Texas, na Texas wakati huo yuko namba 1 nchi nzima. Wanaenda Oxford kwa Ole Miss. Wanarudi nyumbani wiki inayofuata tu wanamkuta Tennessee anawasubiri. Yaani Alabama, Texas na Ole Miss ZOTE ugenini ndani ya msimu mmoja. Nioneshe Ohio State wamefanya wapi kitu kama hicho.

Buckeye wa Dodoma

Mkuu nimekuja mbio. Uzi mzuri ila umeuanza kwa kuficha nusu ya habari.

Umetaja vigogo wa Georgia mmoja mmoja alafu ukanyamaza kimya kuhusu wale wengine. Mbona hukusema Tennessee Tech? 48-3. Mbona hukusema UMass? 59-21, na timu yenyewe ilimaliza msimu na ushindi wa mechi 2. Na UMass walimchezesha lini? Tarehe 23 Novemba, wakati sisi siku hiyo hiyo tunapambana na Indiana ambaye alikua hajafungwa na mtu na yuko namba 5. Hiyo ndo tabia ya SEC, konferensi ya akina Georgia na Alabama, miaka yote, Novemba watu wanakufa huko kwingine wao wanaingiza kibonde katikati wapumzishe miguu. Alabama nao wiki moja kabla ya hapo walicheza na Mercer wakampiga 52-7.

Na hoja yangu kubwa ni hii, sisi Big Ten, konferensi ya Ohio State, tulicheza mechi 9 za konferensi msimu ule, SEC walicheza 8. Hiyo mechi moja ya tofauti sio ndogo, ni mechi ambayo mwenzako anaitumia kumpiga mtoto na wewe unaitumia kupambana na mtu mzima mwenzako.

Alafu usiniambie habari za ugenini. Tulipanda ndege kwenda Oregon, kutoka Columbus mpaka Eugene saa zinapishana tatu, ule uwanja wa Autzen una kelele hazifanani na idadi ya watu walioko ndani, tukafungwa 32-31, pointi MOJA, na ile hila yao ya kuingiza mtu wa 12 uwanjani sekunde za mwisho. Walijua faulo yake ni yadi tano tu lakini saa inaendelea kukatika, mpaka siku chache baadae wasimamizi wakabidi watoe tafsiri mpya ya kanuni. Kwotabeki wetu, yule mrusha mipira, Will Howard akakimbia akajilaza chini na saa ikawa imesoma sifuri. Kisha tarehe 2 Novemba tukaenda Penn State, watu zaidi ya laki moja, tukashinda 20-13. Hao wawili wote walikua namba 3 siku tuliyokutana nao. Namba 3, namba 3, namba 5. Weka na za kwenu.

MamaMapacha Kennesaw

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya wa hapa Kennesaw na mtoto wangu alisoma Georgia Tech, kwa hivyo sina timu kwa hii vita yenu, mimi ni wa jezi ya nyuki tu.

Nataka kusema kitu moja juu ya hawa wanaitwa vibonde. Kentucky ilimaliza hiyo msimu na ushindi 4 na kufungwa 8. Ukiangalia karatasi unasema hiyo ni mechi ya bure. Lakini Georgia walienda huko Septemba wakatoka na 13-12, pointi moja tu, na wiki mbili baadaye hao hao Kentucky wakaenda kwa Ole Miss wakawafunga 20-17 huko kwao. Halafu Ole Miss ndio walikuja kuwafunga Georgia 28-10. Sasa niambieni kibonde ni nani hapo. Huko SEC hata yule wa chini anakuuma, na hiyo kuuma haionekani kwa ile rekodi ya mwisho.

Na sisi Georgia Tech tulikuwa na 7-4 tukienda Athens ile Ijumaa baada ya Thanksgiving. Hakuna mtu alitupatia nafasi. Half time tunaongoza 17-0. Manze mimi nilikuwa nimekaa kwa sofa na ile sufuria ya wali uliobaki jana yake, nikasema leo ni leo. Wakarudi, wakasawazisha 27-27 ikibaki dakika moja hivi, halafu tukaenda ovataimu nane. Nane! Kutoka ile ya tatu huwa hakuna tena kuanza mbali, ni kila timu inapewa jaribio moja moja la pointi mbili, unaingiza ama unakosa, basi. Watoto wote walikuwa wameamka kwa sababu ya kelele yangu. 44-42 tukapoteza. Hiyo haikuwa hata mechi ya konferensi, ni jirani tu. Kwa hivyo mtu akiniambia Georgia walikuwa na mechi rahisi nje ya SEC nitamuuliza aliangalia nini.

Buckeye wa Dodoma

Dada nakuheshimu na pole kwa hiyo mechi, ile ilikua ya kwenu kabisa. Ila kuponea chupuchupu kwa Kentucky kunaonesha ratiba ngumu au kunaonesha Georgia yenyewe ilikua haijakaa sawa? Ukishindwa kumpiga mtu wa 4-8 huwezi kugeuza ukasema basi yule ni mgumu. Tusichanganye hayo mawili.

Nimekaa jana nikapiga hesabu kwa mkono wangu, rekodi za mwisho za wapinzani wote wa msimu wa kawaida pamoja na mechi za baada ya msimu. Wapinzani 12 wa Ohio State kwa pamoja wameshinda 90 wamefungwa 66. Wa Georgia nimemuacha Tennessee Tech pembeni kwa sababu ni wa daraja la chini, hao 11 waliobaki wameshinda 80 wamefungwa 63. Ukifanya asilimia sisi ni karibu 58 nyie ni karibu 56. Na hapo nimewapa ofa, yule wa daraja la chini sijawahesabia kama adhabu. Hesabu haina ushabiki.

Kijana wa Mbagala

Wakuu samahani mimi nipo Dar nafatilia huu mchezo kupitia video fupi fupi tu ila uzi umenikamata. Swali, nani anapanga hizi ratiba? Kwamba Georgia wameletewa hao wote kwa bahati mbaya au kuna mtu kakaa ofisini kaamua? Huku kwetu bodi ya ligi ikipanga tu derby tarehe fulani watu wanaanza kulalamika.

Mnyalu wa Marietta

Mdogo wangu karibu sana. Ziko sehemu mbili. Mechi za konferensi zinapangwa na ofisi ya konferensi yenyewe, timu haichagui. Mechi za nje ya konferensi chuo kinazipanga chenyewe na chuo kingine, wakati mwingine miaka kumi kabla, wanasaini mkataba kabisa. Vyuo vidogo vinalipwa hela ndefu kuja kupigwa, ile hela inaendesha idara yao ya michezo mwaka mzima. Kwaiyo mechi ya nje ndo inaonesha roho ya timu, pale unaangalia aliamua kukutana na nani wakati alikua na uhuru wa kuchagua.

Na 2024 ndo ulikua mwaka wa kwanza wa mabadiliko makubwa, Texas na Oklahoma waliingia SEC wakawa timu 16, Oregon, Washington, UCLA na USC wakaingia Big Ten wakawa 18. Makundi ya mashariki na magharibi yakafutwa. Kabla ya hapo Georgia walikua wanakaa miaka bila kukanyaga kwa Alabama msimu wa kawaida, sasa ratiba ya kwanza ya mfumo mpya ikawatupia Alabama na Texas na Ole Miss ugenini kwa mpigo. Na kwenye wapinzani wa nje waliochagua wenyewe yumo Clemson. Ohio State walichagua nani? Akron 52-6. Western Michigan 56-0. Marshall 49-14. Wote Columbus, wote nyumbani.

Sasa nije kwenye hesabu ya mkuu Buckeye. Nimeirudia yote, iko sahihi, 90 kwa 66 na 80 kwa 63, hongera kwa kazi. Ila angalia ndani yake. Hizo 11 za Indiana amezipata kwa nani? Mechi zake za nje ya konferensi zilikua FIU, Western Illinois na Charlotte, Western Illinois alipigwa 77-3. Na Purdue ambaye alimaliza 1-11 naye akapigwa 66-0. Ukichukua rekodi ya Indiana ukaiweka kwenye ratiba yako kama kitu kizito umekopa uzito ambao na yeye hakuwa nao. Halafu Marshall yuko na ushindi 10, ni kweli walikua mabingwa wa Sun Belt na nawapa heshima yao, lakini Marshall uliyempiga Septemba kwako nyumbani 49-14 usije ukanipimia sawa na Ole Miss uliyemfuata kwao Novemba.

Kule SEC wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Kila Tennessee akimfunga Alabama, kila Oklahoma akimfunga Alabama, mmoja lazima ashuke. Ndo maana rekodi zao zinaonekana chini wakati ukikutana nao unalia.

Na kitu ambacho hesabu yako haikigusi kabisa ni MAHALI. Hesabu na mimi. Ohio State mechi 12, nyumbani 8. Nane! Iowa, Nebraska, Purdue, Indiana, Michigan na wale watatu wa mwanzo. Ugenini 4, na kati ya hizo nne moja ni Northwestern iliyochezwa kwenye uwanja wa besiboli wa Chicago. Georgia nyumbani 6, ugenini 4, na mbili viwanja vya katikati, Clemson Atlanta na Florida Jacksonville. Hapo kwenye Clemson nakubali kabla hujanishika, Atlanta ni kama nyumbani, mimi mwenyewe natoka Marietta kwa gari nafika uwanjani mapema tu. Ila hata ukinipa hiyo ni saba, bado nyie nane. Na zile ugenini nne za Georgia ni Kentucky, Alabama, Texas, Ole Miss. Hakuna uwanja wa besiboli hapo.

Mukongo wa Columbus

Bandugu jambo kwenu. Mimi niko hapa Columbus miaka mingi, tuko Wakongomani wengi hapa, na huu mchezo nimejifunzia kazini. Mnahesabu namba, ni vizuri, lakini iko kitu namba haisemi.

Tarehe 30 Novemba nilikuwa na zamu ya asubuhi kwenye depo, sisi ndio tunapakia makatoni. Mechi na Michigan ilianza saa sita mchana. Michigan alikuja na ushindi 6 na kufungwa 5, kila mtu kazini anasema leo tunawafunga pointi ishirini na zaidi. Msimamizi aliacha simu yake juu ya mezani ya kufungia, imeegemezwa kwa gundi ya karatasi, na kila mtu akipitisha kigari anasimama kidogo anaangalia. Robo ya nne ni 10-10. Watu wakaacha kupitisha vigari. Ikibaki sekunde 45 Michigan akapiga lile teke la pointi tatu, 13-10, na ndivyo iliisha. Nawaambia ile depo ilinyamaza, ulisikia tu mashine ya barafu pale pembeni. Mama mmoja wa hapa hapa Ohio, mzee, alivua kofia yake akaiweka ndani ya mfuko na akarudia kazi bila kusema neno.

Sasa Mnyalu, wewe kwa karatasi yako Michigan ni 8-5, si mkubwa. Lakini ile ni kama Mazembe na Lupopo kule kwetu Lubumbashi. Hata Lupopo akiwa chini, siku ile hayuko chini. Mechi kama hiyo utaipimia wapi?

Mnyalu wa Marietta

Kaka umeandika vizuri mpaka nimeiona hiyo simu. Na una haki, derby haina rekodi. Nakupa hiyo. Ila Georgia naye ana Georgia Tech, Auburn na Florida, watatu wa kuchukiana nao mwaka mmoja, na dada wa Kennesaw kashatuhadithia ovataimu nane. Kwenye derby tuko sare, tena labda sisi tumezidi.

Buckeye wa Dodoma

Haya twende kwenye uwanja. Unasema SEC wanakulana ndo maana rekodi ziko chini. Hiyo hoja nimeisikia miaka kumi. Basi walipotoka nje ya SEC ilikuaje? Alabama akakutana na Michigan yule yule wa 7-5 kwenye boli, zile mechi za mwaliko za baada ya msimu, kule Tampa tarehe 31 Desemba, akafungwa 19-13. South Carolina akakutana na Illinois, akafungwa 21-17. Tennessee alikuja hapa kwetu Columbus tarehe 21 Desemba tukampiga 42-17, ilikua imeisha mapema kabisa watu wanaimba. Texas tukampiga 28-14. Hao, ukimtoa South Carolina ambaye Georgia hakukutana naye, ndo vigogo wako wa SEC uliowaweka kwenye karatasi ya Georgia kama milima. Milima gani inapandwa hivyo?

Na ukitaka njia ngumu angalia msimu MZIMA. Sisi tulicheza mechi 16. Baada ya msimu wa kawaida tukakutana na Tennessee, Oregon, Texas, Notre Dame mmoja baada ya mwingine, nne mfululizo hakuna hata mmoja mwepesi. Georgia baada ya msimu wa kawaida kacheza mbili, Texas na Notre Dame. Jumlisha uniambie.

MamaMapacha Kennesaw

Hapo Buckeye ameongea bana. Lakini si hizo nne mlijipatia wenyewe kwa kuendelea kushinda? Ratiba ni ile unapewa Agosti ukiwa bado hujacheza. Mtoto akipewa mtihani tunapima ugumu wa mtihani, hatuhesabu na ile shule ya pili aliitwa baada ya kupita.

Mnyalu wa Marietta

Dada asante, ndo nilitaka kusema hivyo hivyo.

Mkuu Buckeye nakujibu vyote viwili na nakujibu kwa roho safi. Kwanza hizo mechi nne nazikubali, hakuna timu iliyopita mlima kama ule wa Desemba na Januari, kuwapiga Oregon 41-21 baada ya kufungwa nao Oktoba ni kazi ya kiume. Mkiniambia safari nzima ya mechi 16 ya Ohio State ilikua nzito kuliko mechi 14 za Georgia sibishi, naandika hapa hapa nakubali. Ila hizo mechi mlizipata kwa kufungwa na Michigan! Mngeshinda ile mngeenda fainali ya Big Ten. Mlipofungwa mkapumzika kuanzia tarehe 30 Novemba mpaka tarehe 21 Desemba, wiki tatu nzima watu wanapona. Georgia kwa kufanya vizuri akapelekwa fainali ya SEC tarehe 7 Desemba, akamfunga Texas 22-19 kwa ovataimu, na humo humo akampoteza kwotabeki wake Carson Beck kwa kiwiko. Amebeba kombe na amebeba mgonjwa. Hiyo ni mechi ya 13 dhidi ya timu aliyokwisha kuipiga kwake 30-15. Kushinda kumemgharimu kuliko nyie kufungwa kulivyowagharimu.

Pili hizo za boli. Kwamba nyie mliwapiga Tennessee na Texas kirahisi hiyo inapima NYIE mlikua wakubwa kiasi gani mwezi huo, haipimi Tennessee alikua mgumu kiasi gani kwa mtu mwingine. Simba akimfunga mtu tano huwezi kusema basi yule mtu ni rahisi kwa kila timu ya ligi. Kipimo cha ratiba inabidi ujiulize timu ya kawaida nzuri, sio bingwa, timu nzuri tu ya nafasi ya 20 hivi, ukiipa ratiba hii itatoka na ushindi ngapi na ukiipa ile itatoka na ngapi. Wataalamu ndivyo wanavyofanya siku hizi, hawajumlishi rekodi tu. Chukua timu kama hiyo uipe ratiba ya Ohio State, inaanza 3-0 bila jasho, Purdue 4, Northwestern 5, Michigan State 6. Tayari mkononi una sita. Ipe ya Georgia, una Tennessee Tech, UMass, Mississippi State... Kentucky ugenini labda... hapo umeishiwa. Auburn wanaweza kukufunga. Nyingine zote unaenda kupambana.

Buckeye wa Dodoma

Hicho kipimo cha timu ya nafasi ya 20 nimekipenda, sitakuongopea. Ila mapumziko usinidanganye. Georgia naye kapumzika kuanzia 7 Desemba mpaka 2 Januari, yeye hakucheza raundi ya kwanza kabisa. Na timu zote nne zilizopewa kupumzika raundi ya kwanza, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, zote zilifungwa mechi iliyofuata. Zote nne. Kwaiyo mapumziko kama ni dawa mbona yaliwaua?

Mnyalu wa Marietta

Hapo umenikamata, nakubali, mapumziko nayatoa kwenye hoja yangu.

Ila mfululizo siutoi. Kuna kitu kinaitwa kukutana na mtu baada ya mtu. Georgia tarehe 9 Novemba yuko Oxford, anapigwa 28-10, mashabiki wa Ole Miss wanaingia uwanjani wanang'oa mpaka magoli. Siku saba baadae anatakiwa asimame mbele ya Tennessee na akifungwa tena hiyo ni ya tatu, msimu umekwisha. Akashinda 31-17. Mimi ile wiki nililala vibaya kama ninaenda kucheza mwenyewe. Ohio State baada ya Oregon alikua na wiki ya mapumziko, ndo akaja Nebraska nyumbani akamponea 21-17, ndo akaenda Penn State. Wiki tatu kutoka mlima mpaka mlima.

Na ile ya Alabama tarehe 28 Septemba nataka vijana kama huyu wa Mbagala waielewe. Robo ya pili Georgia yuko nyuma 28-0. Sifuri. Uwanja wa Tuscaloosa unatikisika, mke wangu akaniambia zima twende tukalale. Sikuzima. Wakarudi pole pole, pole pole, mpaka ikibaki dakika mbili na nusu hivi Georgia anaongoza 34-33. Nimesimama juu ya zulia sina hata pumzi. Mpira uliofuata tu, wa kwanza kabisa, Jalen Milroe akautupa juu kulia, pale chini yuko kijana Ryan Williams, ana miaka 17, bado mtoto kabisa, akaudaka, akajizungusha, mabeki wawili wakapishana wenyewe, yadi 75. 41-34. Hiyo ndo inaitwa kwenda ugenini. Huwezi kuniambia hiyo ni sawa na kumkaribisha Iowa.

Mukongo wa Columbus

Hiyo ya yule mtoto wa miaka 17 hata huku tuliishangilia, ndugu yangu usinichukie.

Mimi naona hivi. Mechi tatu kubwa za Georgia ugenini, ukizijumlisha, ni ngumu kuliko mbili zetu. Lakini moja moja zetu mbili ni juu zaidi, Oregon hakufungwa na mtu mpaka Januari tulipomfunga sisi, na Penn State alimaliza na 13. Kule Penn State walikuwa yadi tatu tu kutoka kwenye mstari wetu, mara nne wanajaribu, mara nne wanagonga ukuta, halafu tukakaa na mpira dakika tano za mwisho hawakuuona tena. Timu yako ya nafasi ya 20 haishindi hiyo, hata kidogo.

Mnyalu wa Marietta

Haishindi. Na Oregon haishindi. Hizo mbili inafungwa, na Indiana labda. Ila Georgia inafungwa Alabama, Texas, Ole Miss, Tennessee, Clemson, na ina wasiwasi na Georgia Tech na Florida. Kilele chenu kirefu zaidi, nakupa. Vilima vyetu ni vingi zaidi.

Na kinachoniuma mimi sio Georgia tu. Msimu ule Indiana alipoingia mtoano na 11-1 na Alabama akaachwa nje na 9-3, mwenyewe nilisema Alabama alistahili kuachwa, huwezi kufungwa na Vanderbilt 40-35 na Oklahoma 24-3 ukataka huruma. Ila viongozi wa vyuo walianza kusema hadharani kama ni hivi kwa nini tuhangaike kupanga mechi kubwa Septemba. Hiyo ndo inanitisha. Wakianza kuzikimbia, Agosti na Septemba zote tutakua tunaangalia 56-0. Nilishakaa uwanjani kwenye mechi kama hiyo, robo ya tatu watu wanakunja viti wanaondoka, watoto wanachezea vikombe, wachezaji wa akiba wa akiba wako ndani. Umelipa tiketi na paking na hakuna mechi.

Buckeye wa Dodoma

Hapo tuko pamoja asilimia mia. Na niwape haki SEC, Agosti 2025 wametangaza kwamba kuanzia 2026 na wao watacheza mechi 9 za konferensi. Kwaiyo ile hoja yangu ya 9 kwa 8 mwaka huo inakufa, nimeitumia sana mpaka imechakaa. Na sisi msimu wa 2025 tulifungua na Texas hapa Columbus tukashinda 14-7, ile ndo Agosti ya wanaume.

Kwa 2024 nasema hivi na iwe mwisho wangu. Ratiba iliyopangwa kabla mpira haujapigwa, ya Georgia ilikua ngumu zaidi, wale watatu wa ugenini wamenishinda kuwajibu, na zile nane za nyumbani sikuwahi kukaa nikazihesabu mpaka leo. Njia nzima mpaka kombe, ya kwetu. Mnyalu ukikubali hiyo ya pili kwenye grupu la wasapu mbele ya watu wote kama ulivyokubali hapa, na mimi naikubali ya kwanza kule kule.

Mnyalu wa Marietta

Naenda kuandika sasa hivi.

Kijana wa Mbagala

Wakuu mimi nataka kuanza kuangalia mechi nzima nzima sio vipande. Nianze na ipi?

MamaMapacha Kennesaw

Anza na Georgia na Georgia Tech. Usiruke hata dakika.

Mnyalu wa Marietta

Dada anakupeleka kwa wapenzi wake. Mdogo wangu anza Georgia na Alabama, 28 Septemba 2024. Ikifika 28-0 usizime.